Afya yako na kazi ya utafiti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hunijia mlangoni zaidi kuliko vikaoni: mtu keshaaga, mkono uko kwenye kitasa, ndipo anauliza kile hasa alichokuja kuuliza. Wengi ni wanafunzi wa uzamivu, baadhi ni mafundi wa maabara, na siku hizi hata wahadhiri wenye mvi. Mimi si daktari wa tiba. Nimekaa maabara muda wa kutosha kukosea karibu kila kitu kilichoandikwa hapa chini.

Kazi yangu ni ya kichwa. Mwili unahusikaje?

Unahusika pale kosa linapoingia. Usiku mmoja, yapata saa saba, nilikuwa natia dawa kwenye sahani ya vishimo 96, yenye seli nilizozilea wiki sita. Safu ya C niliitia mara mbili, safu ya D nikairuka. Daftarini nikaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa, kwamba safu zote nane zimetiwa. Matokeo yalipotoka, C ilikuwa imeathirika kupita kiasi na D kama haikuguswa. Nikakaa siku mbili natafuta maelezo ya kibiolojia ya jambo ambalo maelezo yake yalikuwa usingizi. Aliyeling'amua ni fundi wetu wa maabara. Aliutazama ule mpangilio wa safu, akanitazama mimi, akauliza: "Mwalimu, siku ile ulilala saa ngapi?"

Kinachoniuma hadi leo si zile seli. Ni kwamba usiku ule nilijiona niko macho kabisa. Watu wa sayansi hatukubali namba kutoka kwenye mizani ambayo usahihi wake haujakaguliwa, lakini mtu akijiuliza "nimechoka?" na akajijibu "hapana", ile "hapana" anaichukua kama kipimo. Aliyechoka ndiye shahidi wa mwisho wa kuaminiwa kuhusu uchovu wake. Majibu mengi hapa yanaanzia hapo.

Kila usiku nalala kwa muda wa saa sita tu na niko sawa. Kwa nini nibadilike?

Huenda uko sawa kweli. Huenda pia huna namna ya kujua. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambao watu wenye afya njema waliwekwa chini ya uangalizi kwa siku 14, kila kundi likipewa muda wake wa kulala. Waliolala kwa saa sita au pungufu walizidi kuzorota siku hadi siku kwenye vipimo vya umakini, wengine wakafikia hali ya mtu aliyekesha hata siku mbili mfululizo. Lakini walipoulizwa wanajisikiaje, kiwango cha usingizi walichokitaja kilipanda kidogo mwanzoni kisha kikatulia. Utendaji ulizidi kushuka huku wao wakiamini wameshazoea.

Utafiti mwingine, wa mwaka 1997, ulilinganisha kukosa usingizi na ulevi. Baada ya saa 17 bila kulala, utendaji wa watu ulishuka sawa na wa mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu dereva akivuke. Ukiamka saa kumi na mbili asubuhi, saa hizo 17 zinatimia saa tano usiku. Ile saa ambayo wengi wetu tunasema "sasa maabara imetulia, nianze kazi".

Wataalamu wa usingizi wanapendekeza mtu mzima alale angalau kwa saa saba. Ukitaka kujua mahitaji yako mwenyewe, subiri siku za mwisho za likizo, zima kengele, uone unaamka saa ngapi. Siku za mwanzo za likizo usizihesabu, hizo unalipa deni.

Jaribio langu lazima lipimwe usiku. Nitafanyaje?

Kwanza, hakikisha hiyo "lazima" ina msingi. Nimewahi kukuta mwanafunzi anaamka saa tisa usiku kuchukua sampuli kwa sababu tu ratiba aliyoirithi ilisema hivyo, na aliyeitunga alianza jaribio lake saa tisa mchana. Kusogeza mwanzo kwa saa chache kulitosha kumrudishia usiku wake.

Kama lazima ni lazima, gawaneni zamu, na kazi ya kufikiri ifanyike mchana. Mirija iandikwe majina kabla ya jua kuzama, vipimo vya kemikali vihesabiwe, orodha ya hatua ibandikwe ukutani. Usiku ubaki wa mikono tu. Usifute data usiku, usibadilishe utaratibu usiku, na usimwandikie mhariri barua pepe usiku. Usingizi mfupi wa dakika 20 kabla ya zamu husaidia kweli. Zamu ikiisha usiendeshe gari ukiwa umekesha, na asubuhi inayofuata ihesabike kama muda wako wa kupumzika, iandikwe kwenye ratiba kama kazi nyingine yoyote. Kisichoandikwa kwenye ratiba huliwa na kikao.

Na kahawa?

Kunywa, ila fahamu saa zake. Kwa mtu mzima wa kawaida kafeini hupungua nusu mwilini kwa takriban saa tano, ingawa watu hutofautiana sana. Kikombe cha saa kumi jioni, nusu yake bado iko nawe saa tatu usiku. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula ilisema mwaka 2015 kwamba hadi miligramu 400 kwa siku haileti wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya, na kwa mjamzito hadi 200. Kahawa huficha usingizi, hailipi deni lake. Na ukishajiambia huwezi kusoma makala bila kikombe cha tatu, hilo tayari ni jibu la lile swali la kulala saa sita.

Ni saa ngapi za kazi kwa wiki ambazo ni nyingi mno?

Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio yao mwaka 2021: kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na hatari kubwa zaidi ya kiharusi, kwa takriban asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa takriban asilimia 17, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Namba hizo zinahusu watu wa kazi za kila aina, si watafiti peke yao. Ila tukiwa wakweli, wangapi kati yetu tuko chini ya 55 msimu wa kuombea ruzuku?

Saa za kuwepo kazini ni jambo moja, saa za kufikiri kwa dhati ni jingine, na hizo za pili ni chache kwa binadamu yeyote. Mwanahisabati Henri Poincaré alifanya kazi yake nzito kwa saa nne hivi kwa siku, saa mbili kabla ya adhuhuri na nyingine mbili jioni. Charles Darwin, aliyeugua kwa miaka mingi, alikuwa na vipindi vifupi vya kazi asubuhi, kisha akizunguka kwa miguu kwenye kijia alichokitengeneza karibu na nyumba yake. Napenda mifano hiyo, lakini siitoi bila angalizo: Darwin alikuwa na mali ya urithi na watumishi, hakuwa na msimamizi, na hakuna aliyemdai ripoti ya robo mwaka. Usiige ratiba yake nzima. Iga jambo moja: saa zako bora zijue, uzifungie mlango, na barua pepe zisubiri saa zile ambazo kichwa kimeshachoka.

Shingo, mgongo na kidole gumba vinaniuma. Ni uzee?

Una miaka 28. Si uzee, ni pipeti, kile kifaa cha mkononi tunachonyonyea na kutilia vimiminika.

Jitazame unavyofanya kazi. Kiwiko kimeinuka hewani kwa sababu boksi la ncha za pipeti liko mbali na chombo cha taka ni kirefu. Bega limepanda kuelekea sikioni. Kidole gumba kinabonyeza, kinaachia, kinabonyeza tena ili kuitupa ncha, na hatua hiyo ya kutupa mara nyingi ndiyo inayotaka nguvu kuliko zote. Zidisha kwa mamia ya mara kwa siku. Dawa yake haina makuu: sogeza kila kitu karibu, tumia chombo cha taka kifupi, shusha kiti au pandisha ili kiwiko kikae ubavuni, shika pipeti kwa ulegevu, na pumzisha mkono dakika chache baada ya kila dakika ishirini hivi. Maabara ikiwa na pipeti ya umeme au ya njia nyingi, hiyo ni yako wewe mwenye sampuli mia tatu, hata kama imeandikwa jina la mkubwa.

Hadubini ndiyo ije machoni pako, usiiendee wewe. Ukiona unakunja shingo, iinue kwa kitu imara chini yake. Kwa kompyuta, ukingo wa juu wa kioo uwe karibu usawa wa macho. Ya mapakato iwekwe juu ya kitu, na uwe na kibodi ya pembeni. Macho yapumzishe kila dakika 20 kwa kutazama kitu kilicho umbali wa mita sita hivi kwa sekunde 20, na ukumbuke kupepesa, maana mbele ya kioo tunapepesa kidogo kuliko kawaida.

Ganzi vidoleni, hasa ile inayokuamsha usiku, au mkono kukosa nguvu ya kufungua kifuniko cha chupa, hayo ni ya kumwona daktari wiki hii. Usisubiri tasnifu iishe.

Sina muda wa mazoezi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na ya kukaza misuli siku mbili. Jambo jipya ndani yake ni kwamba hata vipindi vifupi vinahesabika. Zamani tuliambiwa chini ya dakika kumi si kitu. Kwa mtu wa maabara hiyo ni habari njema. Mashine inapozungusha mirija kwa dakika kumi, wewe panda ngazi na kushuka badala ya kushika simu.

Kikao cha watu wawili pia kinaweza kutembea. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watu hutoa mawazo mapya mengi zaidi wakitembea kuliko wakikaa. Kwa maswali yenye jibu moja sahihi, kutembea hakukusaidia. Kwa hiyo mpango wa utafiti uzungumzieni njiani, hesabu za takwimu rudini mezani.

Naweza kula mezani pangu?

Kama meza iko ndani ya maabara, hapana, na wala si "leo tu". Toka, vua glavu na koti, nawa mikono. Kama ni meza ya ofisini unaweza, ila kula mbele ya data yako si mapumziko.

Nimezoea kemikali zangu. Kuna haja ya tahadhari zote hizo?

Hapa ndipo ninapopoteza subira, kwa hiyo nivumilie.

Mwezi Agosti 1996, Karen Wetterhahn, profesa wa kemia katika chuo cha Dartmouth nchini Marekani na mtaalamu wa metali zenye sumu, alidondokewa na matone machache ya dimethilizebaki, kemikali ya zebaki yenye sumu kali, juu ya glavu yake ya mpira. Alikuwa akifanya kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa, amevaa kila kilichotakiwa kuvaliwa wakati ule. Miezi ikapita. Mwanzoni mwa 1997 akaanza kuyumba na maneno kumshinda. Alifariki Juni mwaka huo. Glavu zilipojaribiwa baada ya tukio, ilionekana kemikali hiyo hupenya katika sekunde 15 au pungufu. Hakuwa mzembe. Glavu ndiyo ilikuwa siyo.

Kisa cha mwanafizikia Louis Slotin ni kinyume chake. Tarehe 21 Mei 1946, huko Los Alamos, maabara ya silaha za nyuklia ya Marekani, alikuwa ametenganisha nusu mbili za metali ya berili zilizozunguka kiini cha plutoni kwa bisibisi tu, jambo alilokuwa amelifanya mara nyingi. Bisibisi ikateleza, nusu zikafungana, na mnururisho (mionzi) mkali ukampiga. Alikufa siku tisa baadaye. Yeye alijua kabisa njia ile ilikuwa ya hatari. Mazoea yalimfanya aione ya kawaida.

Na Marie Curie, mtafiti wa elementi zenye mnururisho, aliyefariki Julai 1934 kwa ugonjwa wa uboho unaohusishwa na mnururisho, aliacha madaftari ambayo hadi leo yana mnururisho na huhifadhiwa Paris ndani ya masanduku ya madini ya risasi. Radi-226, aina ya radi, elementi aliyoigundua, huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu.

Kwa hiyo: kwa kila kemikali, soma jedwali la glavu la mtengenezaji. Glavu ya nitrili ni nzuri kwa mengi, si kwa yote. Kwenye kabati la kuvuta hewa fanya kazi sentimita 15 au zaidi ndani ya ukingo, kioo kikiwa kimeshushwa. Lita moja ya nitrojeni kimiminika hugeuka kuwa takriban lita 700 za gesi na kuifukuza oksijeni chumbani bila harufu wala onyo, basi usiisafirishe ukiwa ndani ya lifti nayo. Kemikali ikikuingia jichoni, osha kwa maji kwa dakika 15 kamili kwa saa ya ukutani, usikadirie. Na kazi ya hatari usiifanye ukiwa peke yako, hasa baada ya ile saa tano usiku tuliyoizungumzia.

Napiga chafya na macho yananiwasha nikiingia chumba cha panya.

Toa taarifa sasa. Mzio wa wanyama wa maabara ni wa kawaida kwa wanaowahudumia, na ukiachwa unaweza kuishia pumu. Barakoa inayokutosha vizuri na kubadilishiwa majukumu mapema huokoa kazi yako. Kunyamaza ndiko kunakoipoteza.

Nimepata ujauzito, au napanga. Nimwambie nani?

Daktari wako na ofisa usalama wa taasisi, mapema kadiri unavyoweza. Kama unapanga, kabla. Baadhi ya viyeyusho, dawa za saratani, mnururisho na vimelea fulani vinahitaji ubadilishiwe kazi tangu wiki za mwanzo, wakati ambao wengi bado hawajamwambia mtu. Una haki ya kuomba siri itunzwe.

Nitajuaje kama huu ni uchovu wa kawaida au umepitiliza?

Uchovu wa kawaida hupungua ukipumzika. Ule mwingine unaamka nao Jumatatu baada ya wikendi nzima ya kulala. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, linaueleza kama hali inayotokana na kazi, si ugonjwa, na linautambua kwa mambo matatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuhisi hufanyi lolote la maana. Hilo la pili ndilo huonekana kwanza na wengine. Mtu aliyekuwa anabishana juu ya kila mchoro, sasa anasema "wekeni vyovyote".

Sonona ni jambo jingine. Kama furaha imeondoka hata kwa vitu visivyo vya kazi, usingizi na hamu ya kula vimevurugika kwa wiki mbili au zaidi, tafuta msaada wa kitabibu. Kama mawazo ya kufa yanakujia, tafuta msaada huo leo, na usibaki peke yako wakati unautafuta. Huko uliko hauko peke yako pia: uchunguzi mmoja wa mwaka 2018, ulioshirikisha zaidi ya wanafunzi 2,000 wa shahada za juu, ulikuta dalili za sonona na wasiwasi ni zaidi ya mara sita ya kiwango cha watu kwa jumla. Walijitolea wenyewe kujibu, hivyo namba hiyo tuipokee kwa uangalifu. Hata ukiikata nusu, bado inatisha.

Makala yangu imekataliwa na siwezi kufanya lolote tangu juzi.

Soma barua mara moja, ifunge, usiiguse siku mbili. Mwaka 1937 mwanabiokemia Hans Krebs alipeleka kazi yake kuhusu mzunguko wa kemikali ndani ya seli unaobeba jina lake leo kwenye jarida la Nature, ikarudishwa kwa sababu walikuwa na barua nyingi za kuchapisha. Akaichapisha kwingine, mwaka 1953 akapata Nobel. Sikuahidi Nobel. Nasema tu kwamba wakati mwingine barua inahusu foleni ya mhariri.

Msimamizi wangu hutuma ujumbe usiku wa manane. Nijibu?

Mwulize mchana, uso kwa uso: "Profesa, ujumbe wa usiku huwa unautarajia ujibiwe usiku uleule?" Najua si rahisi kumwuliza mtu anayesaini barua zako. Lakini wengi wetu hutuma tukiogopa kusahau, na tukishatuma tunalala fofofo.

Nasema "wetu" kwa makusudi. Kwa miaka kadhaa nilituma maswali yangu Jumapili usiku, nikijisifu kwamba nina bidii. Siku mwanafunzi wangu anaaga baada ya kutetea tasnifu, akacheka na kusema, "Profesa, sasa nitaacha kulala na simu mkononi." Sikucheka. Tangu hapo naandika usiku, ila mashine inatuma saa tatu asubuhi.

Nikichukua likizo wenzangu hawatanipita?

Seli zigandishe, data weka nakala mbili, ondoka. Ukikuta mambo yameharibika ulipokuwa mbali, umegundua udhaifu wa mradi wako kwa bei rahisi.

Mwenzangu haonekani sawa. Nimwambie nini?

Usianze na ushauri. Taja ulichokiona, kitu kimoja, bila kukipamba: "Wiki hii nimekukuta hapa usiku mara nne," au "Hujala nasi tangu mwezi uliopita." Kisha nyamaza. Mara ya kwanza atasema yuko sawa. Mwulize tena siku nyingine.

Yule fundi wetu alinijia mara tatu. Mara ya kwanza nilimwambia nililala vizuri. Mara ya pili nilimwambia si jambo lake. Mara ya tatu hakuuliza. Alikuja saa mbili usiku, akazima taa ya benchi langu, akasimama pale na funguo mkononi akinisubiri nivue koti.